Mstari Uliokataa Kuingia

Baba Wakesho,

Mtoto anasimama sasa. Anashika ukingo wa kitanda, anatikisika, anaanguka kwa makalio, anacheka. Ulimwacha hajui hata kukaa. Wakesho naye ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Nakuambia haya kwanza kwa sababu ndiyo ungeuliza kwanza.

Ile ofisi ya kikundi chenu cha kuzuia ndovu mashambani, wamenipa kiti chako. Walisema nilishazoea kukusaidia, basi niendelee. Ripoti zinatoka kwa simu za maskauti wanaofuata nyayo za ndovu, zikiwa faili, nazifungua kwa ile programu ya kompyuta, nayo kila ikikuta koma inaanza safu nyingine ya jedwali: tarehe, mahali, idadi ya ndovu, maelezo. Mtoto namlaza kwa leso chini ya meza.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Chumba chetu kimoja, tumekigawa kwa pazia. Ukasema, "Mama Wakesho, koma ni pazia. Huku kitanda, huku jiko. Ukiongeza pazia ovyo, sufuria itakuja kulala na sisi." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikia ulichonifanyia.

Simu yako ilikaa kabatini tangu matanga. Sikuwa na nguvu ya kuiwasha. Juzi Mghoi, msimamizi wetu, akasema kikao cha kuamua pa kuweka ule ua wa mizinga ya nyuki wa kutishia ndovu kimekaribia, na wataangalia jedwali. "Ripoti za mwisho za marehemu ziko wapi?" Nikaiwasha. Faili ilikuwepo, ya ile asubuhi uliyorudi kutoka doria ukikohoa, ukasema ni vumbi tu.

Nikaiingiza. Mistari yote ikakaa isipokuwa mmoja. Programu ikaandika kwamba huo una vipande vingi kuliko vichwa vya jedwali, ikauliza kama iuruke. Kuna kiboksi, unaweka tiki, mambo yanaendelea. Mghoi akaniambia kwa upole, "Dada, ruka tu. Ni mstari mmoja."

Sikuruka. Mkono ulikataa.

Nikafungua faili yenyewe nikasoma. Korongo nyuma ya shule. Ndovu wawili. Halafu maelezo yako: mama yule mwenye sikio lililochanika, na mtoto wake, wamepita njia ya watoto wa shule, wamekunywa kwa tanki, wameelekea Ndara, hawana ubaya, lakini watoto wasipite peke yao.

Baba Wakesho! Mapazia mangapi hayo? Na wewe ndiye mwalimu! Siku nyingine zote ulikuwa unaandika "wamepita", basi. Siku hiyo uliandika kama unavyoongea, bila kupumua. Ulikuwa unamfikiria Wakesho, najua. Hiyo ndiyo njia yake. Nilicheka kwa sauti, halafu nikashindwa kunyamaza, na hakikuwa kicheko tena. Mtoto akaamka akaniangalia.

Namshukuru Mghoi hakuniambia pole. Alivuta kiti, akanionyesha kwamba maelezo marefu yanafungwa kwa alama za usemi, mwanzo na mwisho, na programu itaziacha koma zilizo ndani. Sikukata hata neno lako moja. Nikaingiza tena. Ukakaa. Maneno yako yote, chumba kimoja.

Kikao kimefanyika. Mama mmoja wa Mbololo alitaka mizinga yote iende kwa mahindi yake, akapiga meza. Mghoi akausoma mstari wako. Yule mama akaondoa mkono mezani, akaketi. Mizinga ya kwanza itaning'inizwa nyuma ya shule.

Watu walinipa mkono wakaenda nyumbani kwao. Mimi nikabaki kuzima kompyuta.

Kila asubuhi faili mpya zinaingia, na mstari wako unasukumwa chini. Nikiwa peke yangu nateremka mpaka niufikie. Kila mara unakuwa mbali zaidi. Naukuta, nakaa kidogo, halafu narudi juu, kwa sababu kazi iko juu.

Pumzika, mume wangu. Kifua kisikusumbue tena huko. Hiyo mizinga bado haina nyuki, na wakija, ndovu watachukua muda kuwaogopa. Mpaka hapo nitampeleka Wakesho mwenyewe, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Nimechoka, sikudanganyi. Lakini hatapita peke yake.

Mama Wakesho