Jina la ubatizo la Kambale

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Katoyi wote ni tope jeusi, na mgongo unaniuma kwa pikipiki ya jana.

Nimerudi na sijamwambia mtu yote niliyoyaona. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza.

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mimi ni Masika kwa kuwa ndimi binti wa kwanza. Baba yangu, Papa, ni Kasereka. Kaka yake Paluku nilimjua, alifia hapa Goma nikiwa shule ya msingi. Kambale hatukumwona kamwe, na kila mgeni wa kwetu, akishasalimia, aliuliza yuko wapi. Jina la Papa lenyewe lilikuwa linamchongea. Alijibu kwamba Kambale alikufa kwenye vita, kisha akatoka nje kuangalia kuku. Hatujawahi kufuga kuku.

Mwezi uliopita, presha ilipompiga na upande wa kushoto ukafa, aliniita akaniambia yaliyobaki. Walikuwa wanakimbia wawili, kabla mimi sijazaliwa. Kambale alivunjika mguu. Papa akambeba siku mbili, risasi zinalia nyuma yao. Siku ya tatu akamlaza kando ya njia.

"Nilimwambia naenda kutafuta mayi ya kunywa," alisema. "Masika, sikurudia."

Alitembea hadi Goma, akamwambia mama yake kwamba Kambale amekufa. Bibi akaweka matanga, watu wakalia, na mtu ukishamlilia huendi tena kumtafuta. Sasa Papa anataka kitu kimoja kabla hajafa: misa kwa ajili ya Kambale, katika parokia walikobatizwa. Ila jina la ubatizo limempotea, nyumbani hawakulitumia. Na kusoma misa ya "Kambale" tu kule kwetu ni kuombea nusu ya mlima.

Nilikasirika, nisidanganye. Siku tatu nilimwosha na kumlisha bila kumtazama usoni. Kisha nikaenda.

Parokia ni ndogo, kanisa la matofali na ofisi moja, juu ya mji wa Kiwanja, saa mbili za pikipiki na vizuizi vya njiani ambavyo sitaki kuvisimulia. Sekretere ni mama wa umri wangu, Mama Espérance. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema natafuta jina la ndugu wa familia fulani. Akanitolea kitabu cha ubatizo, kurasa zimeliwa na mende. Kwa majina ya babu na bibi niliwapata: Paluku, na chini yake Kambale. Kambale Gaspard. Nilifurahi kama mjinga, nikaliandika kwenye simu.

Halafu nikaona pembeni. Mtu akioa kanisani, padri huandika ndoa yake pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Pembeni mwa Gaspard kulikuwa na ndoa. Nilisoma mwaka mara tatu. Ni miaka minne baada ya matanga yake.

Maiti haioi.

Nikamuuliza Mama Espérance kama anamjua.

"Muzee Gaspard, ule wa kutembea na fimbo? Tulimuzika mwaka jana, mbele ya Noeli."

Mke na watoto walikimbia mapigano, hajui waliko. Kisha, bila mimi kumwomba, akafungua kitabu cha nia za misa akaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Kila mwezi wa kumi na moja, mwandiko unabadilika, maneno hayabadiliki: kwa marehemu Kasereka Fabien, ndugu yangu. Mwombaji: Kambale Gaspard.

"Alikuwa anatuambiaka kama ndugu yake alienda kumutafutia mayi, akafia kule," alisema. "Alisema: angekuwa muzima, angerudia."

Miaka yote ile hakumshuku hata mara moja.

Nikaomba misa. Mama Espérance akaandika, kwa marehemu Kambale Gaspard, na kalamu ikasimama kwenye safu ya mwisho. Nani anaomba?

Nilikwenda kule kuandika jina la Papa. Ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Lakini katika kitabu kile Papa ni marehemu anayependwa, na kumwandika yu hai kungemfanya Gaspard kuwa mjinga wa parokia nzima. Nikasema, andika Masika. Nimemlaumu Papa kwa uongo wa maisha mazima, na wangu haukuchukua hata dakika.

Jana nilimkuta ameketi, ananingoja. Nikamwambia: Gaspard. Akalirudia jina taratibu, machozi yakamtoka. Kisha akauliza kama wameandika kwamba ni yeye anayeomba.

Nikasema ndiyo.

Amelala vizuri kuliko wiki zote hizi. Mimi sikulala.

Nikimwambia, atajua kwamba Kambale aliishi, akaoa, akazeeka umbali wa saa chache kutoka hapa, na kwamba mwaka wowote angeweza kupanda gari akamwone. Atajua pia kwamba aliombewa. Sijui ni lipi kati ya hayo litakalomuua kwanza. Nikinyamaza, atakufa ametulia, na naamini atamkuta Gaspard huko, naye Papa hatakuwa amejiandaa kwa neno lolote. Nina haki gani ya kumpeleka hivyo?

Ananiita kutoka chumbani. Anataka maji.

Nimemjibu kwamba naja. Kikombe kiko hapa mezani, kimejaa, na mimi bado naandika.