Mama na Bata wa Walthamstow

Walthamstow, London
27 Novemba

Kwa kaka yangu Sultan,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimepungua. Sisi tunamshukuru Mungu. Nimempa Haifa, anayesafiri kuja huko Jumapili, akufikishie mkononi, kwa sababu simu yenu huwekwa spika sebuleni, na haya nataka uyasome peke yako.

Kidonda cha Mama cha upasuaji kimefunga. Daktari alimwamuru atembee kila siku, basi asubuhi nikitoka zamu ya kulea wazee nilikuwa nikimpeleka kwenye mabwawa makubwa karibu na kwangu. Msimu huu wanakuja bata mwitu, makundi kwa makundi. Jirani yangu Alkesh, mwenye darubini, alimweleza kwamba wanatoka Urusi kukimbia baridi. Mama alicheka mpaka akashika kifua. Akauliza hao bata wana akili gani, kukimbia baridi wakaja London! Mmoja mwenye kishungi akampa jina la Bwana Harusi. Kila siku alisema Baba atacheka akihadithiwa.

Na mimi nikiitikia, Sultan. Baba yuko chini ya mchanga wa Wete tangu tarehe nne Septemba, nami naitikia. Wewe na ami zetu mliniagiza Mama asiambiwe, moyo wake umepasuliwa juzi tu, mpaka daktari aruhusu. Kwa kuwa Baba tangu zamani alikuwa hasikii vyema kwenye simu, uongo wetu ulisimama. Mama alituma salamu, nawe ukamrudishia za marehemu.

Ijumaa iliyopita alitaka hina. Nilimpaka mwenyewe, mikono na miguu, mjane aliye ndani ya eda. Yeye hana dhambi, hakujua. Mimi nilijua. Jumatatu, kwenye benchi, alininyooshea vidole nivione, akaniambia nimtafutie tiketi, anataka afike kwa Baba hina ikiwa bado nyekundu. Nikashindwa. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tarehe, akahesabu: siku themanini na moja. Akavua bangili zake akanipa, akajifunika mtandio mpaka usoni. Njia nzima kwenye basi alikuwa akisugua viganja kwa mate.

Sasa nikwambie kilichonikalisha niandike. Kila uliponiuliza, nilikujibu kwamba daktari bado hajaruhusu. Daktari aliruhusu tarehe ishirini Oktoba. Alisema moyo una nguvu, aambiwe. Nilinyamaza wiki tano nzima, kwa kuwa nilijua akiambiwa atakaa ndani, na eda ikiisha atapanda ndege. Miaka kumi na tatu nimo nchi hii, sijawahi kuwa na mtu wa kukaa naye kwenye benchi. Nilikuwa na furaha, kaka. Baba yangu kafa na mimi nina furaha, hiyo ndiyo aibu yangu.

Hilo nalo nimemwambia. Yumo chumbani kwangu, anasali, anakula kidogo. Ameniagiza nikuandikie kwamba hana kinyongo nawe, anajua ulimhofia. Nikangoja aseme la kwangu. Akageukia ukutani, akaomba maji ya kutawadha.

Nisalimie wifi, watoto na ami zetu wote. Ukizuru kaburi Ijumaa, mwombee Baba dua na kwa niaba yangu. Mimi bado sina uso wa kumwombea.

Ndimi mdogo wako,
Time