X kwenye Sikubali

Jumatatu, 16 Juni 2025
Ukungu asubuhi, baridi ya kuuma vidole. Mashine ya kufuma imekwama mara mbili. Sweta nne tu.

Saa tisa Maryam wa duka akaniita kwa kelele: Mama Jeruto, msichana wako amekuwa staa! Akanipa simu. Ukurasa wa Facebook wa shule. Jeruto ameshika mche, anacheka, pengo mbele. Jina lake kamili. Gredi ya Tatu. Na jina la shule kifuani, kubwa — nililolifuma mimi mwenyewe.

Miaka miwili nimejificha hapa Yamumbi. Miwili! Kipyego, baba yake, alisema akitupata atamchukua mtoto na sitamwona tena. Hakuwa anatania. Mkono wangu wa kushoto unajua.

Chini ya picha, komenti kumi na saba. Ya mwisho ni yake: "Msichana wa baba. Asanteni walimu kwa kunitunzia."

Nimelala saa sita.

Jumanne, 17 Juni
Mvua tangu alfajiri. Nilifika shuleni kabla ya kengele. Nikamwambia Mwalimu Nekesa kwamba nilikataa picha, Januari, kwa maandishi. Nimeandika hata humu, tarehe 8: "Fomu ya picha — nimeweka X kwa Sikubali."

Akatoa faili. Fomu ni yangu, sahihi ni yangu. Nakubali / Sikubali. Chini yake, maandishi madogo: kata isiyohusika.

"Mama, umekata Sikubali. Imebaki Nakubali."

Nikasema hiyo si kukata, ni kuchagua! Kama kura!

Karani akacheka: "Lakini hapa hatukuwa tunachagua MCA, Mama Jeruto."

Nikakunja mkono wa sweta, nikawaonyesha mfupa ulivyounga kombo. Hakucheka tena.

Basi watoe picha! Haiwezekani. Password iko na Mwalimu Amos, ameenda matanga kwao, simu imezimwa.

Mistari miwili ya kalamu. Mimi, ninayehesabu kila kitanzi cha uzi!

Nimelala saa nane.

Jumatano, 18 Juni
Jua kidogo. Amos amepatikana. Picha imetolewa saa nne. Nikapumua.

Saa sita Nekesa akapiga simu. Jana jioni baba ya mtoto alipiga simu ofisini. Mpole sana, anasema karani. Aliuliza Gredi ya Tatu wanatoka saa ngapi. Akaambiwa. Akashukuru.

Nilikimbia na malapa. Jeruto alikuwa darasani, anachora ng'ombe. Nimemtoa.

Sikulala.

Alhamisi, 19 Juni
Hali ya hewa sikuangalia.

Pikapu nyeupe ng'ambo ya duka tangu saa tatu. Kipyego alishuka kununua soda. Akamuuliza Maryam kama hapa kuna mama anayefuma sweta. Maryam: "Sweta? Ndugu yangu, mimi nauza unga." Akacheka naye, akampa chenji. Akarudi kwa gari. Hajaondoka.

Nimepigia polisi. Wameuliza, amefanya nini? Nikasema amekaa kwa gari. Wakasema kukaa kwa gari si kosa, mama.

Tuko stoo ya Maryam, nyuma ya duka. Nimefumua jina la shule kwenye sweta ya Jeruto, uzi kwa uzi. Ameuliza kwa nini naharibu. Nimesema lilikosewa.

Sikulala.

Ijumaa, 20 Juni
Mawingu — nimeyaona kwa tundu la bati. Pikapu iko.

Jeruto amelala juu ya magunia ya unga, kifua cha sweta kitupu. Macho yangu hayashiki mstari. Maryam anasema, lala dada, mimi niko kaunta.

Lakini leo ni Ijumaa. Saa sita duka linafungwa kwa swala. Ameapa ataniamsha kabla. Nimemfanya arudie mara mbili.

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Nalala.