Nyuzi Nne Zilizofungwa

Kulwa,

Umeniachia kesi, kaka, halafu ukalala zako umetulia, utadhani umeniachia kuku wa kulisha.

Unakumbuka maneno yako ya mwisho pale hospitali? Watu wakikata roho humtaja Mungu, au mama yao. Wewe mwalimu wa fizikia ulifumbua macho ukasema, "Nyuzi zilizofungwa... zote nne ni moja." Na aliyekaa kando ya kitanda hakuwa mwanafunzi wako. Alikuwa baba mdogo Masunga, katoka Mkula kuja kukuona.

Zilizofungwa, Kulwa! Umezaliwa Usukumani, hujui mzee wa huku akisikia uzi umefungwa anawaza nini? Si ungesema pete? Tulipotoka kuzika akaingia chumbani kwako, akakuta zile pete nne za uzi wa pamba ulizokuwa unafundishia, moja imezungushwa kwenye chupa ya soda. Basi, ikawa mke wako ndiye kakufunga kwa uchawi. Ukoo ukataka wifi yangu Kabula atoke kwenye nyumba yenu ya Somanda arudi kwao, na watoto wabaki.

Ikabidi nisimame mimi, muuza dagaa wa Lamadi, niwaeleze wazee nadharia ya nyuzi. Nilijuta kusinzia kila uliponieleza. Nikasema kila kitu, hata ng'ombe, ndani kabisa ni vijiuzi vinavyotetema, na hizi pete ni mfano wa vile visivyo na ncha, vimejikunja vikawa pete. Wataalamu walipata hesabu nne za pete hizo, wakadhani ni dunia nne tofauti. Nikainua chupa. Nikasema uzi uliojizungusha kwenye duara jembamba, na uzi unaokimbia kwenye duara pana, hesabu zake zinatoka sawasawa. Kwa hiyo nadharia ya kwanza na ya pili ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili. Ndiyo maana ulikuwa unaziita Kulwa na Doto, kama sisi mapacha. Zile mbili nyingine, ambazo mawimbi yanayokwenda kushoto si ya aina moja na yanayokwenda kulia, nazo ni mapacha vilevile. Sasa mapacha hawa na wale wanakutana wapi? Hapo ndipo nilikuwa nakoroma kabisa. Nikasema tu mama yao ni mmoja.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, kumbe alifungwa mara nne."

Kaka, nilichoka. Nikaivua ile pete ya kwenye chupa, nikaivaa mkononi mbele yao wote. Nikawaambia kama inafunga, inifunge mimi, Kabula mwacheni. Kisha wakasema haya, watasubiri waone kama nitaugua.

Basi wanasubiri. Baba mdogo akija Lamadi ananitazama mkono kwanza, ndipo anisalimie. Wiki hii nina mafua, nakaa kwenye meza yangu ya dagaa nimebana kikohozi mpaka machozi yananitoka, kwa sababu nikikohoa tu, wifi anafungasha mizigo. Yote haya kwa neno lako moja!

Kabula yupo kwake, na watoto wake wapo naye. Juzi mwanao mkubwa kaniuliza zile nne zinakuwaje moja. Nikashika simu nikupigie. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lako.

Nenda kapumzike, pacha wangu, nimekukasirikia na ninakulilia. Nakuahidi kitu kimoja: sitaugua.

Doto