Walichoandika Chini ya Kilio cha Mama

Jumapili jioni. Mvua imeshika Bomani, hapa Tarime mjini, tangu mchana, na bado nimevaa gauni jipya nililoshonesha kwa ajili ya leo. Sina nguvu ya kulivua.

Leo filamu yetu imeonyeshwa ukumbini hapa mjini. Ni ya upelelezi: askari anatoka Dar es Salaam kuja Tarime kumsaka muuaji. Mwongozaji alipokuja kuirekodi Gorong'a, kijijini kwetu, alinichukua niwe mkalimani. Alisema anataka Wakurya wenyewe, wakisema Kikurya chao. Nilifurahi mno. Miaka yote tunaigizwa na watu wanaoibeza lafudhi yetu, panga mkononi.

Nikawabembeleza akina mama waigize msiba, nikiwaambia hawa wa filamu ni watu wangu. Mama yangu akakaa mbele.

Mama hakuigiza. Baba aliuawa na wezi wa ng'ombe nikiwa darasa la tatu, na sikuwahi kumwona mama akimlilia mbele za watu mpaka siku ile. Alisema, "Uliniambia utarudi kabla ugali haujaiva. Mbona hukurudi?" Hata mpiga picha alijifuta macho.

Maneno hayo niliyatafsiri mimi kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Leo mama alipolia pale kwenye skrini, maandishi ya chini yalisomeka: "Damu yao itamwagika. Nitawatuma wanangu wakaue."

Nyuma yangu alikaa nesi mmoja, mgeni wa mkoa huu. Akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe ni mama zao ndio wanaowatuma!"

Mama hajui kusoma. Akaniinamia. "Bhoke, mbona watu wananitazama hivi? Wameandika nini?"

"Wameandika ulivyosema, mama."

Nimemdanganya mama yangu.

Na si hilo tu. Nilijua. Miezi miwili iliyopita mwongozaji alinitumia kipande kile kwenye simu, kikiwa na maandishi hayo hayo. Nikampigia kulalamika. Akanijibu, "Dada, hii ni filamu ya uhalifu, kilio kitupu hakina mvuto. Jina lako liko mwishoni. Nilitoe?"

Nikakata simu. Nililitaka lile jina.

Tulipotoka, mzee Marwa, jirani yetu wa Gorong'a, alimsogelea mama na kumweleza kwa Kikurya yale yaliyoandikwa.  Mama alinigeukia.

"Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilimlilia baba yako kwa sababu ulisema hawa ni watu wako."

Akapanda gari la kurudi kijijini na wenzake. Nilimnyooshea mkono nimsaidie kupanda, akashika mlango.

Nimemwandikia mwongozaji arudishe maneno ya mama au alifute jina langu. Amesoma. Hajajibu. Filamu inaanza kuonyeshwa Mwanza wiki hii, na huko nani ataniuliza mama alisema nini? Kwa hiyo nayaandika hapa, kwenye blogu isiyosomwa na watu wengi: mama yangu hakuapa kuua mtu. Alimuuliza mumewe mbona hakurudi.

Hayatoshi. Najua hayatoshi.

Kesho asubuhi napanda gari kwenda Gorong'a. Nitapita nyumba kwa nyumba kwa akina mama wote waliolia siku ile, niwaambie mwenyewe nilichokificha. Nitaanzia kwa mama. Nitasimama uani nimwamkie shikamoo.

Asipoitikia, nitabaki nimesimama.