Mbwa Asipewe Chakula

Baba Syombua,

Muthokoi iko kwa sufuria, pasha mwenyewe. Kuku wafungiwe kabla ya giza. Mimi niko hospitali na mtoto wako.

Ameanguka asubuhi akichota maji kwa tangi. Nikamfungua sketi apumue, kumbe ameikaza na kamba ya katani isimdondoke. Mbavu zote nje. Na wewe kila Jumapili unamsifu kanisani eti Syombua ni mtu wa maombi, anafunga. Kufunga gani huko hakuna siku ya kufungua? Nywele zinabaki kwa kitana, jua linawaka yeye anatetemeka, wewe unasema amina!

Krismasi ulimwita gunia mbele ya ndugu zako, mkacheka. Ameniambia tukiwa njiani kwamba alianza kujinyima chakula siku hiyo. Huu ni ugonjwa, Onesmus. Usiuite maombi tena.

~~Njoo jioni na blanketi.~~ Blanketi mpe Mama Ciku wa hapo jirani, ataleta. Wewe usije.

Na mbwa usimpe kitu. Ulikuwa ukijivunia vile amenona. Amenona kwa sahani ya mtoto wako.

Mama Syombua