Kola ya Mheshimiwa

Jumanne, 4 Machi
Miezi mitatu bila neno. Niwie radhi, daftari. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mvivu. Leo nimerudi kwa hasira. Mdogo wangu amelazwa, anapasuliwa goti, akaniachia sungura wake. Anamwita Mheshimiwa! Alfajiri nimemkuta Mheshimiwa ameinama anakula kinyesi chake, tena anakipokea kinapotoka. Nyumbani kwangu mimi, niliyefundisha adabu darasani miaka thelathini na sita! Nimemvika kola ya kadibodi. Sasa mdomo haufiki nyuma. Yale majani makavu aliyoletwa nayo nimeyatupa – ni ya kujazia godoro. Nimempa mkate.

Ijumaa, 7 Machi
Mheshimiwa hali chakula. Tumbo limejaa kama ngoma. Mdogo wangu kapiga simu: Dada, mwanangu anakula? Nikajibu amepumzika.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari wa mifugo alicheka kwanza, kisha akaikata kola. Mama, umempokonya tonge mdomoni! Kumbe sungura hawezi kuyameng'enya majani peke yake. Mwishoni mwa utumbo mwembamba ana kifuko kikubwa. Humo vijidudu visivyoonekana huchachusha nyuzinyuzi. Kazi yao hutoka katika kinyesi kile laini, naye hukila ili tumbo lifaidi safari ya pili. Na mkate wangu? Umevivuruga vijidudu vyote, mama.

Dawa: majani makavu, na kinyesi laini cha sungura mwenye afya, kikorogwe na maji, anyweshwe. Isipite kesho.

Cha sungura wa nani? Mtaani anayefuga ni mmoja tu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Nami mwezi jana nilimshtaki kwa kamati ya mtaa, kurasa mbili, kwa uchafu. Ameamriwa awaondoe Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda. Fundi aliniamkia vizuri, nakiri. Mkewe nyuma ya pazia akaangua kicheko: Mwalimu kaja kuomba mavi! Fundi hakucheka. Atanipa bakuli zima, bure – ila niiandikie kamati kwamba nilikosea, sungura wake wabaki. Nikamwambia sikukosea, vibanda vinanuka hadi sebuleni kwangu. Vinanuka kweli! Akasema, Basi, Mwalimu, karibu tena ukishamaliza kunusa.

Saa kumi alasiri. Mheshimiwa yuko mapajani, masikio baridi. Simu inaita, ni mdogo wangu. Siipokei. Mezani kuna karatasi: tarehe, kisha "Kwa Katibu wa Kamati". Zaidi ya hapo, tupu.

Nikishaamua nitakuandikia. Kalamu ninayo hii moja tu, na sasa inatakiwa kwenye karatasi ile.